Majibu ya Damu ni Shahidi, si Hakimu

(Mada iliyotolewa baada ya sala ya Alasiri, Ushongo, Pangani)



Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema Mtume wake, ndugu zetu katika imani, mada tuliyotakiwa kuizungumza leo inahusu karatasi. Wengi wenu mnaijua. Ni ile itokayo maabara, yenye majina ya vipimo upande mmoja, namba katikati, na pembeni mwa namba nyingine pamewekwa herufi H au herufi L. H maana yake namba imepanda juu ya mpaka. L maana yake imeshuka chini ya mpaka. Karatasi hizi huletwa kwetu madrasani baada ya darsa, kwa dhana kwamba mtu aliyekaa miaka kadhaa akisoma kwa Kiarabu hawezi kushindwa na karatasi ya ukurasa mmoja. Kuisoma tunaisoma. Ama kuitolea hukumu, hiyo ni fani ya wengine, na tuliyoyakusanya hapa tumeyachukua kwa wenye fani hiyo.

Yaliyotusukuma kuzungumza ni mambo tunayoyaona. Mtu hupewa majibu yake, na kabla ya kurudi kwa daktari huyapeleka duka la dawa akanunua kwa kukadiria. Mwingine huiona herufi L, akaikunja karatasi na kuitia mfukoni, akakaa na hofu yake mwezi mzima bila kumwambia hata mkewe. Wa tatu huambiwa na jirani kwamba damu yake imechafuka, naye akaanza kumtafuta aliyemfanyia. Hawa watatu wanaonekana kuwa mbalimbali, lakini wametenda jambo moja: wameifanya karatasi kuwa hakimu, ilhali ni shahidi tu.

Nanyi mnajua namna kadhi anavyomtendea shahidi. Hamfukuzi, wala hakurupuki kuhukumu kwa neno lake. Humuuliza: Ulikuwepo? Uliona kwa macho yako? Giza lilikuwa kiasi gani? Kisha huuliza habari za shahidi mwenyewe, kama ni mtu wa kuaminika, na kama yupo mwingine wa kumuunga mkono. Basi tuifanyie karatasi hiyo hiyo insafu.

Tuanze na mpaka wenyewe, kwani watu hudhani umewekwa kwa kuwatenga wagonjwa na wazima. Sivyo. Wataalamu huchukua watu wengi wenye afya, wakawapima, kisha wakakata pembe mbili: wale wachache waliozidi sana na wale wachache waliopungua sana. Wanaobaki katikati, yaani 95 katika kila 100, ndio huitwa wa kawaida. Kwa hiyo watu watano katika kila 100, nao ni wazima kabisa, wameachwa nje ya mpaka tangu siku ulipochorwa. Na mtu mzima akipimwa vipimo 20 visivyotegemeana, hesabu inaonyesha kwamba uwezekano wa kupata angalau herufi moja ya H au L ni kama 64 katika 100. Mwenye kupimwa mambo mengi bila sababu asishangae kutoka na jambo.

Tena yafaa kuuliza: hao wenye afya waliopimwa walikuwa wa wapi? Kwa miaka mingi mipaka iliyochapwa kwenye mashine na vitabu vya maabara zetu ilitokana na watu wa Ulaya na Marekani. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya watu wazima wenye afya waliopimwa Mbeya, na nchi jirani nazo zimefanya kazi kama hiyo. Jambo lililodhihiri katika tafiti za namna hii ni kwamba baadhi ya seli nyeupe za damu, zile ziitwazo nyutrofili, kwa Waafrika wengi huwa chache kuliko zilivyo kwa Wazungu, na mtu hana ugonjwa wowote. Hiyo ni hali ya kurithi. Inatokana na kukosekana kwa alama fulani juu ya seli nyekundu, na kukosekana huko huwakinga watu wetu na aina moja ya malaria. Kwa hiyo mtu wa hapa anaweza kuonekana kwa mpaka wa Ulaya kuwa kinga yake imeshuka, naye amerithi neema.

Sasa tumwangalie shahidi mwenyewe. Damu huanza kubadilika mara inapotoka mwilini. Ikikaa kwenye chupa isiyo na dawa ya kuihifadhi, seli zake huendelea kula sukari, na namba ya sukari hushuka saa baada ya saa. Mfungo wa mkono ukikazwa mno na mgonjwa akakunja ngumi kwa nguvu, au damu ikatikiswa ovyo hadi seli zikapasuka, madini ya potasiamu huonekana yamepanda, kumbe ndani ya mwili yako sawa. Sisi tunaokaa ng'ambo hii ya mto Pangani tunajua maana ya sampuli kusafiri. Damu iliyotolewa asubuhi kijijini ikapimwa jioni mjini si shahidi aliyeona kwa karibu.

Wakati nao una neno lake. Pwani yetu ni ya matende na mabusha, na wadudu wadogo wa maradhi hayo huzunguka katika damu usiku, wakati mbu wao wanapouma, mchana hujificha. Ndiyo maana watafiti waliokuwa wakipima watu katika vijiji vya Tanga, kama vile Kirare, walikwenda kutoboa vidole usiku watu wakiwa majumbani mwao, na wengine wakawanong'ona kwamba ni wanyonya damu. Aliyepimwa saa nne asubuhi akaambiwa hana kitu hakudanganywa, ila shahidi aliitwa saa ambayo hakuwepo. Tangu mwaka 2004 mkoa wetu ulipoanza kugawiwa dawa za kumeza kwa pamoja, maradhi haya yamepungua sana, na aliyekuwa akizikataa dawa hizo kwa uvumi wa mitaani alikuwa akijidhulumu yeye na majirani zake.

Tuje kwenye homa, kwani hapo ndipo fedha za masikini zinapotea na watoto wanapoangamia.

Ni watu wangapi hapa wamepata kuambiwa wana taifodi, yaani homa ya matumbo? Kipimo kinachotumika sana kimepewa jina la Widal, tabibu wa Kifaransa aliyekitangaza mwaka 1896. Kipimo hicho hakimtafuti mdudu. Hutafuta askari ambao mwili umewatengeneza dhidi yake, na askari hao huweza kubaki tangu ugonjwa wa zamani, au wakatokana na maradhi mengine yanayofanana nayo. Watafiti walikijaribu kwa watoto waliolazwa katika Hospitali Teule ya Muheza, hapa hapa mkoani kwetu, wakakilinganisha na njia ya kuotesha wadudu kutoka katika damu, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2010. Katika watoto ambao kipimo kilisema wana taifodi, ni kama robo tu waliokuwa nayo kweli.

Msiwalaumu haraka wenye maabara. Fanyeni hesabu nasi. Chukueni watoto 1000 wenye homa, na kumi tu kati yao wana taifodi. Kipimo kinawagundua saba au wanane. Wale 990 waliobaki hawana ugonjwa huo, na kipimo ni kizuri, hakikosei kwao ila mara mbili katika kila 100. Lakini mbili katika kila 100 ya watu 990 ni watoto kama 20! Basi mmepata karatasi 27 au 28 zenye jibu la kuwepo ugonjwa, na za kweli hazifiki kumi. Kipimo hakikuwa kibovu. Ugonjwa ndio ulikuwa adimu kati ya waliopimwa. Jibu la kipimo chochote hupimwa kwa mizani ya swali hili: kabla ya kupima, uwezekano wa ugonjwa huu kwa mtu huyu, mwenye dalili hizi, ulikuwa kiasi gani?

Kwa sababu hiyo hiyo mtu hathibitishiwi virusi vya UKIMWI kwa kipimo kimoja. Cha kwanza kikionyesha, huletwa cha pili cha aina nyingine. Wanazuoni wetu wa sharia wangelifahamu jambo hilo bila kufafanuliwa.

Upande wa pili upo kosa kubwa zaidi, nalo ni kulikataa jibu kwa kuwa halikusema tulichotaka. Mwaka 2004 jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha utafiti uliofanyika katika hospitali 10 za kaskazini-mashariki mwa Tanzania, yaani upande huu wetu. Walichunguzwa wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa kwa malaria kali. Damu zao zilipoangaliwa kwa umakini chini ya darubini, waliokuwa na vijidudu vya malaria walikuwa 2,062, hawafiki nusu. Na zaidi ya nusu? Walikuwa wanaugua kitu kingine, na si wote waliopewa dawa ya kitu hicho. Tega sikio hapa, ndugu yangu: katika waliokuwa na malaria kweli walikufa kama saba katika kila 100, katika wale wasiokuwa nayo walikufa kama 12 katika kila 100. Neno "malaria" liliufunga mlango wa kuuliza.

Tangu hapo mambo yamebadilika. Kipimo cha haraka cha tone la damu kimefika hadi zahanati, na utaratibu wa nchi ni kupima kabla ya kutibu. Lakini bado tunawasikia wazazi wakisema, "Kipimo kimeficha, hii ni malaria tu." Na bado wapo wasiojua kwamba kipimo hicho cha haraka huweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya mtu kupona, kwa sababu kinachoonekana ni mabaki ya mdudu, wala si mdudu aliye hai. Mtu hunywa dozi, akapona, akajipima tena kwa wasiwasi, akaona mstari, akanunua dozi nyingine. Kama si malaria wala taifodi, basi ni nini? Wagonjwa wa homa waliolazwa Moshi mwaka 2007 na 2008 walipochunguzwa kwa kina walikutwa na chikungunya, na maradhi yatokayo kwa mifugo na panya, na bakteria ndani ya damu yenyewe. Hayo hayaonekani kwa kutoboa kidole, ila kwa daktari kuuliza na kuuliza tena.

Tumebakiwa na lile ambalo kila nyumba hapa linaihusu: damu kupungua.

Kipimo chake huitwa himoglobini, nacho ni ule wekundu unaobeba hewa safi mwilini. Kwa mwanamume mzima hutakiwa isipungue 13, kwa mwanamke asiye na mimba 12, na kwa mjamzito 11, ikiruhusiwa kushuka kidogo hadi 10 na nusu katika miezi ya katikati, kwa kuwa maji ya damu huongezeka na kuuzimua wekundu wake. Karatasi ikionyesha 9, watu wetu wana jibu tayari: vidonge vya kuongeza damu, au rozela, au juisi ya matembele. Lakini namba 9 imesema tu kwamba wekundu ni mdogo. Haikusema umekwenda wapi. Huenda malaria imezipasua seli. Huenda minyoo ya safura inanyonya kila siku. Huenda mama anatokwa na hedhi nyingi naye anaona haya kusema. Huenda mtoto ana selimundu, na wazazi wote wawili wameibeba pasi na kujua. Ipo pia hali ya kurithi iitwayo thalasemia, ambayo huzifanya seli nyekundu ziwe ndogo. Kilifi, pwani ya Kenya, zaidi ya nusu ya watu wameibeba kwa namna nyepesi isiyowadhuru, na Wadigo wa kwetu na watu wa Kilifi ni ndugu wa Mijikenda. Mwenye hali hiyo akionwa ana seli ndogo hudhaniwa amekosa madini ya chuma, akameza chuma miaka nenda rudi, na seli zikabaki vile vile.

Kuna atakayesema: hata kama si dawa yake, chuma kina dhara gani? Jibu lipo ng'ambo ya bahari, Pemba. Huko watoto zaidi ya 24,000 wa umri wa mwezi mmoja hadi miezi 35 waliingizwa katika jaribio kubwa, baadhi yao wakipewa kila siku madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki, wengine wakipewa kidonge kisicho na dawa. Nia ilikuwa njema: watoto wa Pemba walikuwa na upungufu wa damu, basi waongezewe. Mnamo Agosti 2003 waliokuwa wakisimamia usalama wa jaribio waliamuru utoaji wa chuma usimamishwe. Watoto waliopewa chuma walikuwa wakifa au kulazwa kwa maradhi makali zaidi ya wenzao kwa asilimia 12. Malaria ilikuwa nyingi Pemba wakati ule, na chuma kilichomwagwa kwa kila mtoto bila kutazama anakihitaji nani kilikuwa na madhara. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2006. Lakini katika kundi dogo lililopimwa damu kwanza na kuangaliwa kwa karibu, watoto waliokuwa wamepungukiwa na chuma kweli walinufaika nacho. Dawa ni moja na kisiwa ni kimoja. Tofauti ilikuwa ni kujua kabla ya kutoa.

Tunaomba tusinukuliwe vibaya. Hatusemi chuma ni sumu. Dada zetu wajawazito, vidonge mnavyopewa kliniki vimezeni, wala msiviache kwenye kabati kwa sababu ya kichefuchefu, kwani upungufu wa damu wakati wa kujifungua umewaua mama zetu wengi kwenye pwani hii. Na mtoto anayepewa chuma na daktari katika nchi ya malaria alale ndani ya chandarua na atibiwe homa yake mapema. Tunalolisema ni kwamba asijiandikie mtu, na asimwandikie mwanawe, kwa kutazama namba.

Wala hatusemi kila namba isubiri. Ipo karatasi inayotaka mtu atoke usiku huu huu. Himoglobini iliyo chini ya 7 kwa mtoto mdogo au mjamzito, na chini ya 8 kwa watu wengine, ni upungufu mkali, na hapo hakuna mashauriano ya ukoo. Sukari iliyopanda sana kwa mtu anayekojoa mno, anayekonda na kutapika, ni hatari ya siku hiyo. Kinyume chake, mtu asiye na dalili yoyote, ambaye sukari yake kabla ya kula imekuwa 7 au zaidi kidogo, hupimwa tena siku nyingine kabla ya kuitwa mgonjwa wa kisukari. Na mwenye selimundu amkumbushe daktari wake, kwani kile kipimo cha sukari cha miezi mitatu hutegemea umri wa seli nyekundu, nazo kwake hazidumu.

Kuhusu swali lililoletwa kwa karatasi kabla ya mada, kwamba je, kutoa damu ya kipimo kunafunguza: wanazuoni wengi wa zama hizi wanaona kwamba kiasi hicho kidogo hakiharibu swaumu. Khitilafu kubwa ni katika kuumika, ambako Mahanbali wamesema kunafunguza na jamhuri wakasema hakufunguzi, na baadhi wakaifungamanisha nako damu nyingi inayotolewa kumchangia mgonjwa. Anayetaka kutoka katika khitilafu achangie usiku.

Na kinyume chake nacho kimetufikia. Mzee mmoja aliambiwa na maabara aje asubuhi bila kula, akanuia, akaacha na maji tangu Ishaa, akafika Pangani mjini amekauka midomo. Kufunga kwa maabara si swaumu. Kwa kipimo cha sukari hutakiwa asile kwa saa nane, lakini maji matupu ayanywe. Aliyekauka maji damu yake huwa nzito, na baadhi ya namba hupanda kwa kiu tu. Dawa zake za kila siku aulize kama azimeze au aziache, asijiamulie.

Basi ukipewa karatasi, iulizie mbele ya aliyekupima, papo hapo: hiki kimepanda kwa sababu gani, chaweza kuwa nini kingine, kinarudiwa lini, na ni dalili ipi ikinitokea nisisubiri. Mwambie ulichokunywa, mimba kama ipo, homa ya mwezi uliopita, na mitishamba uliyotumia, hata ile uliyopewa na watu kama sisi. Karatasi za zamani usizitupe. Himoglobini ya 11 kwa mwanamume ambaye mwaka jana alikuwa na 11 ni habari moja, na kwa yule aliyekuwa na 15 ni habari nyingine kabisa, na anayejua tofauti hiyo ni yule aliyezihifadhi zote mbili katika mfuko mmoja wa plastiki, akavuka nao mto.